Kila shilingi na nia ya aliyeitoa: ushauri kwa taasisi zetu za misaada

Nimekuwa mweka hazina wa taasisi ndogo ya Kiislamu ya misaada hapa Mbeya kwa miaka kadhaa. Taasisi yetu inasomesha yatima, inachimba visima upande wa Usangu, na inagawa futari na nyama ya udhhiya, yaani mnyama anayechinjwa Idi ya Hija, katika vijiji ambavyo Waislamu ni wachache na msikiti wenyewe ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma. Kwa sababu ya kazi hiyo, viongozi wa taasisi za Iringa, Njombe na Songwe hunipigia simu kuniuliza tufanye nini ili msajili wa taasisi asitusumbue. Nimeona nijibu kwa maandishi, kwa kuwa swali hilo naliona limeanzia pasipofaa. Msajili, benki na mkaguzi wa hesabu wanauliza jambo ambalo mtoaji wa zaka ana haki ya kuliuliza kabla yao wote: fedha niliyoitoa kwa nia fulani imefika wapi? Taasisi inayoweza kulijibu swali hilo kwa kila shilingi iliyopokea huwajibu wengine wote kwa karatasi zile zile.

Ugumu wa hesabu za taasisi ya Kiislamu ni kwamba fedha zake hazifanani. Zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na kamati haina mamlaka ya kuongeza la tisa. Zakatul-fitri, zaka ya kumaliza mfungo wa Ramadhani, inatakiwa imfikie anayestahiki kabla ya swala ya Idi. Fedha ya udhhiya imefungwa na siku za kuchinja, kuanzia tarehe 10 hadi 13 za Dhul-Hijja. Waqfu, yaani mali iliyowekwa wakfu, hauuzwi wala haurithiwi. Sadaka ya kawaida ndiyo yenye uwanja mpana, lakini nayo hubanwa pale mtoaji anaposema ni ya kisima. Fedha hizi zote zikiingia katika akaunti moja na daftari moja bila kutenganishwa, ndani ya mwezi mmoja hakuna mtu atakayeweza kusema, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, kama mafuta ya gari yalilipwa kwa zaka ya mtu au kwa sadaka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ambao nauona mkubwa kuliko yote yanayofuata, ni kuongeza safu moja katika daftari la mapokezi. Daftari letu lina tarehe, jina la mtoaji au maneno "hakutaka kutajwa", namba ya stakabadhi, kiasi, kisha safu yenye kichwa "Nia". Anayeandika stakabadhi baada ya swala ya Ijumaa haruhusiwi kuiacha wazi. Humwuliza mtoaji pale pale kama anatoa zaka, sadaka, fidia ya asiyeweza kufunga au mchango wa kazi maalumu, na mtoaji asiposema huandikwa "sadaka ya jumla". Upande wa matumizi, kila hati ya malipo inataja fungu lililotolewa fedha, inasainiwa na aliyeomba, aliyeidhinisha na aliyelipa, na inabandikwa risiti ya EFD (mashine ya kodi) au, kwa mgao wa chakula kijijini, orodha ya waliopokea yenye saini au dole gumba, ikithibitishwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mwisho wa mwezi mizania ya kila fungu hujumlishwa, na jumla yake lazima ilingane na salio la benki na la simu. Isipolingana, hatufungi mwezi.

Safu hiyo ilionyesha faida yake siku fundi wa kisima alipomaliza kazi kijijini kwa gharama ndogo kuliko makadirio, kwa sababu maji yalipatikana karibu. Paa la msikiti wa jirani lilikuwa linavuja, na wajumbe wenye nia njema kabisa walipendekeza bakaa ile inunue mabati. Tulifungua daftari, na mbele ya kiasi kile paliandikwa "kisima, kwa ajili ya marehemu mama". Tulimwandikia mtoaji barua tukamweleza kilichobaki na hali ya msikiti, tukamwomba achague. Akajibu kwamba bakaa inunue pampu ya ziada na vipuri, na kwa paa akatuma mchango mwingine. Barua zote mbili zimo katika jalada la mradi ule. Mkaguzi alipofika hapo alisoma, akapiga tiki, akaendelea na ukurasa unaofuata.

Kuhusu gharama za uendeshaji nitasema wazi kuliko wengi wanavyopenda. Wako wanaochukua mishahara na nauli katika zaka kwa hoja ya fungu la wanaoitumikia zaka, mojawapo ya yale manane, ilhali wanazuoni wanatofautiana iwapo kamati iliyojiunda yenyewe, isiyoteuliwa na mamlaka, inaingia katika fungu hilo. Kama taasisi yenu inafuata rai hiyo, iandikwe katika muhtasari wa kikao pamoja na jina la sheikh aliyeulizwa na kiwango cha juu kilichoruhusiwa. Sisi tulichagua kuchangisha fungu la uendeshaji peke yake, tukiwaeleza watoaji kwamba gari linalopandisha unga Makete wakati wa mvua linakula dizeli na dereva ana watoto. Watu walielewa na wakachangia, kwa sababu anayetoa hachukizwi na gharama aliyoambiwa mapema.

Zawadi nazo ziwe na daftari lake. Imo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu aliyetumwa kukusanya zaka ya Bani Sulaym alirudi akatenga sehemu akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkemea kwa kumwuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ile ingemfuata. Katika mojawapo ya mapokezi yake imeelezwa kwamba mtu yule aliporejea, Mtume alimfanyia hesabu. Kwa hiyo anayeona ukaguzi ni kutoaminiana na kwamba umeletwa na serikali au wafadhili wa nje, ajue kwamba mkusanya zaka alikaguliwa Madina.

Sasa usajili, ambao wengi huuchanganya. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali (NGO), Na. 24 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2019, haihusu vyama vya kueneza dini; vyama hivyo husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Taasisi ambayo kazi yake ni maji, afya na elimu kwa jamii yote huenda kwa Msajili wa NGO, aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Bodi ya wadhamini huandikishwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ili kiwanja na jengo viwe vya taasisi, visije vikadaiwa na warithi wa mwenyekiti. Kwa NGO, kanuni zilizotolewa mwaka 2018 ziliweka wajibu wa kutangaza chanzo na matumizi ya fedha zinazozidi shilingi milioni 20, na kupeleka mkataba wa ufadhili kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Msiyasubiri haya mpaka mfadhili ametuma fedha. Nendeni mapema kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, mjitambulishe, na mumwachie nakala ya taarifa ya mwaka hata kabla hajaiomba.

Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi, Oktoba 2022, ikaondolewa Juni 2025. Katika kipindi hicho tuliona maswali ya benki yakiongezeka kila fedha ilipotoka nje, na taasisi zenye jina la Kiislamu ziliyahisi zaidi. Inauma kuulizwa hivyo wakati fedha ni ya madaftari ya yatima, na sioni haya kusema kwamba iliniuma. Lakini nilijifunza kwamba bahasha yenye cheti cha usajili, barua ya mtoaji, bajeti ya mradi na hesabu zilizokaguliwa hufupisha mazungumzo kuliko malalamiko. Mfadhili wa Uingereza naye usimpokee kwa macho yaliyofumbwa: daftari la Charity Commission, mamlaka inayosimamia taasisi za hisani za England na Wales, liko wazi mtandaoni, na kwa namba ya usajili unaweza kusoma hesabu zake kama yeye anavyotaka kusoma zako.

Mambo ya simu na saini hayahitaji maneno mengi. Michango isiingie kamwe katika laini binafsi ya kiongozi, bali katika namba ya malipo yenye jina la taasisi. Benki iwe na wasaini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Naijua taasisi moja iliyokuwa na msaini mmoja, alipofariki fedha za futari zikakwama benki Ramadhani nzima. Na picha za yatima wakipokea sare zisirushwe ovyo kwa jina la uwazi, kwani tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtoto ana heshima yake. Orodha ya waliopokea anaonyeshwa mkaguzi; ubaoni msikitini yanatosha majumla ya kila fungu.

Jambo moja la mwisho, ambalo mkaguzi asiyeizoea kalenda yetu atalihoji. Ramadhani ndiyo msimu wetu mkubwa wa mapokezi, nayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mwanzoni mwa Januari, na nyingine itaanza tena siku za mwisho za Desemba. Taasisi inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba itaonekana imepokea zaka nyingi isivyo kawaida, na kubaki na fedha ambazo hazijagawiwa, kwa sababu tu mwezi utakuwa ndiyo kwanza umeanza. Wekeni maelezo hayo katika hesabu zenyewe, chini ya fungu la zaka, pamoja na tarehe ambayo mgao ulikamilika mwaka uliofuata.