Re: Mama anameza dawa za presha lakini haishuki

Salaam dadangu, pole. Umesema mamako anameza dawa kila siku, chumvi mezani ameacha, na bado presha inasoma 160 kwa 100. Angalia jikoni kwanza, maana wengi wetu hapa Mombasa tunahesabu ile chumvi ya kunyunyiza tu, kumbe iko kwa achari, papa mkavu, viungo vya paketi na mihogo ya jioni, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, hapo ni vyote pamoja. Kwetu tulihamia ndimu na tangawizi, babangu alinung'unika wee akazoea. Jioni mtembeze pale Mama Ngina, kando ya bahari, dakika 30 zatosha. Dawa asiache hata kidogo, na isiposhuka mrudishe kliniki wamuangalie upya.