Tunahamia Dar mwezi wa saba, dalali anasema Goba hadi Posta ni dakika arobaini

SWALI: Mimi ni mhasibu, naishi Nyegezi, Mwanza, na mume wangu na watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la saba, wa pili darasa la pili, mdogo ana miaka mitatu. Nimehamishiwa Dar es Salaam, ofisi iko Posta, naripoti tarehe 1 mwezi wa saba. Mume wangu anatafuta fremu Kariakoo. Gari hatuna. Dalali amenitumia video ya nyumba Goba, vyumba vitatu, geti na uwanja, kodi 450,000 kwa mwezi. Bodaboda kutoka lami ni 2,000. Anasema hadi Posta ni dakika arobaini. Kuna nyingine ghorofani Chang'ombe, vyumba vitatu pia, 700,000. Ya Goba anataka nitume kodi ya miezi sita na hela yake ya udalali kabla ya Ijumaa, kuna mteja mwingine. Je, Goba ni sehemu nzuri kwa familia? Na shule tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, hela hiyo usiitume. Goba ni sehemu nzuri kwa familia nyingi, ila sidhani kama yako ni mojawapo, na kosa si la Goba. Kosa ni hizo dakika arobaini.

Kila wiki napokea swali lenye dakika za dalali ndani yake. Dakika arobaini, dakika ishirini, "karibu kabisa na lami". Huo ni muda wa Jumapili saa tisa mchana, barabara tupu, dalali akiwa juu ya bodaboda. Wewe utasafiri Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kwa daladala. Hizo ni safari mbili tofauti, hata kama mwanzo na mwisho wake ni uleule. Watu wa mikoani huuliza kilomita kwa sababu kwao kilomita zina maana. Dar haziko hivyo. Mtu wa Kimara na mtu wa Goba wanaweza kuwa na kilomita zinazokaribiana, lakini mmoja ana njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi na mwingine ana foleni.

Safari ya Goba ihesabu kipande kwa kipande. Kwanza nyumbani hadi lami. Halafu kituoni, kusubiri daladala yenye nafasi. Halafu uchague pa kutokea: kushuka Tangi Bovu uikute barabara ya Bagamoyo, au kwenda Mbezi Luis uikute ya Morogoro, au kupitia Makongo utokee Mlimani. Kote huko, kwa mtu wa Posta, kwa kawaida kuna kubadilisha gari, na kila ukibadilisha unasubiri upya. Ukitaka kuwa mezani saa moja na nusu, weka saa mbili za safari, maana yake umetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jioni ni vivyo hivyo, na foleni za kutoka mjini huwa mbaya zaidi Ijumaa na mwisho wa mwezi. Huyo wa miaka mitatu utamwacha amelala na kumkuta amelala.

Sasa hela, kwa sababu watu huniambia "muda tutavumilia, tunaokoa kodi". Bodaboda 2,000 kwenda, 2,000 kurudi, siku 22 za kazi: 88,000 kwako. Mume wako akifungua duka Kariakoo, Jumamosi naye yuko kazini, kwa hiyo siku 26: 104,000. Jumla 192,000 kwa mwezi, na bado hamjapanda daladala. Tofauti ya kodi kati ya nyumba zako mbili ni 250,000. Imebaki 58,000, na humo utoe nauli za kubadilisha magari, basi la shule la mtoto wa darasa la pili, na boza la maji bomba likikauka. Ile 2,000 nayo ni ya kiangazi. Goba ni vilima. Barabara nyingi za ndani ni udongo, na masika yakichimba makorongo bajaji hazipandi, bodaboda hupandisha bei au hukushusha njiani umalizie kwa miguu.

Chang'ombe watu wanaohamia hawaiulizi, na sababu siijui zaidi ya jina. Wamesikia Mbezi Beach, Mikocheni, Goba. Temeke, iliko Chang'ombe, wanaiona ya watu wengine. Kwa mtu anayefanya kazi Posta na mumewe Kariakoo, bila gari, upande huo wa Chang'ombe, Keko na Kurasini uko karibu kuliko karibu sehemu zote zinazotangazwa kwenye simu yako. Ghorofani uliza mambo mawili: maji yanafika floo yako yenyewe au yanapandishwa kwa pampu, na mita ya LUKU ni yako peke yako au mnachangia. Mita ya kuchangia na jirani mwenye pasi na jiko la umeme itawagombanisha kabla ya mwezi kuisha.

Kama Chang'ombe haitawafaa, angalia ukanda wa mwendokasi wa barabara ya Morogoro, lakini kwa akili. Kimara Mwisho unapanda basi linapoanzia. Manzese asubuhi mabasi yanakupita yamejaa. Pia kumbuka njia hiyo inavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mvua kubwa ikijaza bonde, barabara hufungwa na mabasi husimama. Kigamboni utaambiwa ni dakika kumi kwa pantoni. Kuvuka kweli ni dakika chache. Foleni ya kuingia kwenye pantoni ndiyo safari yenyewe, na siku pantoni moja ikiharibika utazunguka daraja la Nyerere la Kurasini. Kigamboni inawafaa wenye kazi na shule hukohuko.

Mwezi wa saba, sasa. Mwezi huo kila nyumba ya Dar ni kavu. Masika yamekwisha, kuta zimepakwa rangi, madimbwi hayapo, na dalali anakuonyesha uwanja mzuri. Yaliyotokea kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano hayaonekani kwenye video ya WhatsApp. Yanaonekana kwa macho, ukijua pa kutazama. Ukifika mlangoni tazama chini: kama kuna kikuta cha matofali cha kimo cha goti mbele ya mlango, ambacho lazima ukivuke ndipo uingie, hakikujengwa kwa urembo, ni cha kuzuia maji. Tazama na nyumba za jirani, maana mwenye nyumba anaweza kukivunja cha kwake lakini si cha mtaa mzima. Rangi mpya iliyoishia kiunoni nje na ndani, chumvi nyeupe inayochanua juu ya msingi, soketi za umeme zilizohamishiwa juu kuliko kawaida: hizo ni alama za maji. Halafu uliza mpangaji wa jirani, si mwenye nyumba, chemba ya choo hunyonywa mara ngapi wakati wa masika. Ardhi ikishajaa maji shimo halinywi tena, na familia inayonyonya mara moja kwa mwaka hujikuta inaita gari kila baada ya wiki chache.

Maeneo mengine yanajieleza yenyewe. Msasani kuna Bonde la Mpunga. Jangwani, Kigogo na Mchikichini zimo katika njia ya Msimbazi; baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika walipelekwa Mabwepande, na mabonde yale hayakuacha kupangishwa. Boko Basihaya shida si mto, ni maji yanayotuama yasipate pa kwenda. Usiulize "hapa mafuriko yapo?" Kila mtu atakujibu hapana. Uliza "mvua kubwa ya mwisho maji yaliishia wapi?" Mtu hujikuta anakuonyesha kwa kidole.

Maji ya kunywa na kufua nayo yana hesabu yake. Familia ya watu watano, kwa matumizi ya kubana, weka lita 70 kwa mtu kwa siku: lita 350. Simtanki la lita 1,000 linakufikisha siku tatu. Kama majirani wanasema bomba linatoka mara moja kwa wiki, unahitaji akiba ya lita 2,500 au zaidi. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao, na waliokuwa na tanki moja dogo waliishi kwa maboza. Ukiambiwa "kuna kisima", onja. Sehemu nyingi za Dar kisima ni maji ya chumvi, yanafulia kwa shida na chai hayafai.

Shule ndiyo inayokuamulia lini, na hapo una bahati bila kujua. Huyo wa darasa la saba asihame sasa. Mtihani ni Septemba, ameshasajiliwa kwa namba ya shule yake, na kumhamisha mwezi wa saba ni kumvuruga bila faida. Abaki Mwanza na baba yake hadi amalize. Ila jueni mapema: nafasi za kidato cha kwanza katika shule za kutwa hupangwa kwa halmashauri alikofanyia mtihani, kwa hiyo akichaguliwa atachaguliwa Mwanza, na mtahitaji uhamisho wa kuja Dar. Anzeni kufuatilia matokeo yakitoka, msisubiri shule zifunguliwe. Wa darasa la pili ni rahisi: mwalimu mkuu wa sasa, barua ya uhamisho, namba yake ya PREM (ya usajili wa mwanafunzi), na shule ya kupokea iwe imekubali kwa maandishi kabla hamjapakia mizigo.

Kwa hiyo njoo peke yako. Panga chumba kimoja Ilala au Magomeni, au kaa kwa ndugu, ufanye kazi. Kila wikendi tembelea mtaa mmoja, na ule unaoupenda urudi Jumatatu: lala kwa jirani au gesti ya karibu, utoke saa kumi na mbili asubuhi na saa mkononi hadi mlango wa ofisi. Kuanzia Oktoba vuli zitaanza na utaona maji yanakwenda wapi. Si masika, lakini ni bora kuliko video. Desemba shule zikifungwa, familia inakuja kwenye nyumba uliyoijua. Kodi ya chumba kwa miezi mitano itakuuma. Kodi ya miezi sita ya nyumba ambayo utaikimbia ndani ya miezi miwili inauma zaidi, kwa sababu hairudishwi.

Na hapa niseme na wote, si wewe tu. Udalali wa nyumba za kupanga hauna mlango: mwenye simu na bando ni dalali. Wapo waungwana wanaoujua mtaa wao chumba kwa chumba, na hela yao ya mwezi mmoja wanaistahili. Lakini anayekudai hela kabla hujakanyaga kizingiti hakuuzii nyumba, anakuuzia haraka. "Kuna mteja mwingine" ni sentensi ya kazi kwao. Picha ya nyumba moja huzungushwa kwenye magrupu kumi kwa majina ya mitaa minne. Mtu huambiwa nyumba iko "Mbezi", akalipa akidhani ni Mbezi Beach ya barabara ya Bagamoyo, kumbe ni Mbezi Luis ya barabara ya Morogoro. "Goba" nayo huvutwa hadi Madale, na "Tegeta" huvutwa mpaka dalali achoke. Dai eneo la nyumba kwenye ramani ya simu, si jina. Akikataa kutuma, umeshapata jibu.

Hela ya kuonyeshwa nyumba ni balaa lingine: 10,000 hapa, 20,000 pale, unazungushwa nyumba tano ambazo mbili zina wapangaji na moja imeshauzwa. Mwambie utamlipa siku ya mkataba. Wa kweli atanung'unika, lakini atakuja.

Kabla ya mkataba nenda ofisi ya serikali ya mtaa na barua yako ya utambulisho kutoka mtaa wako huko Nyegezi, umuulize mwenyekiti au mtendaji nyumba ile ni ya nani, ina kesi, ni ya mirathi, benki imeishika. Nyumba ya mirathi ndiyo mtego mkubwa: unamlipa kaka, baada ya miezi miwili mitatu dada anakuja na barua ya mahakama na wewe uko katikati na masufuria yako. Mwenye nyumba akuonyeshe hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, na jina hilo lilingane na kitambulisho chake na akaunti au namba unayoilipa. Hela ya kodi isipite mkononi mwa dalali hata kama anasema ni mtoto wa nyumbani.

Omba miezi mitatu badala ya sita. Wengi hukubali ukiwa na hela mkononi. Ndani ya mkataba iandikwe nani analipa kunyonya choo, nani anatengeneza pampu, na notisi ni ya muda gani kwa pande zote mbili. Siku ya kuingia piga picha mita ya LUKU na ya maji, kuta zote na chemba. Stakabadhi iwe na jina lako, tarehe, na miezi inayolipiwa kuanzia lini hadi lini, isainiwe na mwenye nyumba mbele ya shahidi, na nakala moja ibaki ofisi ya mtaa.