Kabla hujamwimbia mzazi wako, itazame mikono yake

Mdogo wangu unayetaka kumtungia mama au baba yako wimbo, kalamu itakimbilia kwanza kwenye miezi tisa tumboni, ada ya shule na asante. Yangu ilikimbilia hukohuko. Wimbo wa kwanza niliomtungia baba niliujaza sifa: shujaa, nguzo, taa ya nyumba. Nikauimba kwenye shughuli ya familia, watu wakapiga makofi, baba mwenyewe akasema "umeimba vizuri" akaendelea kula. Neno lile lilinikaa wiki nzima. Sifa zote zilikuwa za kweli, lakini baba yeyote wa mtaani kwetu angeweza kuzivaa. Hazikushonwa kwa kipimo chake.

Baba ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nilipoanza upya niliacha kutafuta maneno mazuri, nikakumbuka anavyofanya kazi. Akishona hubana pini midomoni, kwa hiyo ukimuuliza jambo anakujibu "mm" tu. Utoto wangu wote niliamini kwamba baba yangu hana maneno. Kumbe wimbo ulikuwa umekaa kwenye zile pini.

Kwa hiyo usianze na beti. Chukua daftari uandike vitu ishirini ambavyo mzazi wako huvifanya, hata vidogo: anavyofunga kitenge, anavyohesabu hela ya mboga, anavyokohoa kabla ya kuingia chumbani kwako. Vingi utavitupa. Bakiza kimoja ambacho ukikikumbuka koo linakukaba. Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi wetu wa kale, alipomtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimwita kwanza asogee aketi, na wino na karatasi, ndipo akaanza kumwusia. Karne na nusu imepita, na bado tunawaona wawili wale wamekaa pamoja.

Jingine ni kinyongo, na hapa ndipo wengi wanapokwepa. Kwetu, siku za kuelekea Idi, cherehani kililia hadi alfajiri. Nguo za wateja kwanza, yangu mwisho. Wenzangu walishajaribisha zao siku mbili kabla, mimi nalala sijui kama nitavaa mpya. Nilimkasirikia sana. Niliona aibu kuliweka hilo kwenye wimbo wa kumsifu mzazi, nikaliacha nje, na wimbo ukawa baridi. Nilipolirudisha, ukapata moto. Mtoto anampenda baba na anamnunia usiku uleule; ukiimba upande mmoja tu, msikilizaji anajua kuna kitu umeficha. Na kama mzazi wako hakuwepo, usimtungie kumbukumbu ambazo huna. Imba kiti chake, imba simu ambayo haikupigwa.

Sasa ufundi. Hesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa vidole kabla hujagusa gitaa au kuomba biti. Kiitikio changu ni hiki:

Baba toa pini, sema,
nimekuja kusikia.

Mizani minane, mizani minane. Ila hesabu peke yake haitoshi. Mkazo wa maneno yetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na dundo zito la ngoma linapaswa kuangukia hapo. Tamka taratibu: BA-ba TO-a PI-ni SE-ma. Ukivuta "pini" kwa kuikalia ile "ni", neno linapinda na sikio linajikwaa. Mimi niliwahi kuimba kwamba baba alinishonea nguo "barabara", yaani sawasawa kabisa, neno ambalo linavunja kanuni hiyo, mkazo wake ni ba-RA-ba-ra. Biti ikausogeza mbele ukawa ba-ra-BA-ra, na nilipomchezea rafiki demo aliniuliza barabara imeingiaje kwenye mambo ya cherehani. Nikaweka "sawasawa". Mizani ileile, na mkazo wake unaangukia palepale biti inapotaka. Jambo dogo, lakini tungo nyingi nzuri nimeziona zikiharibikia hapo, hasa kijana anapoletewa biti iliyokamilika akalazimisha maneno yaingie.

Vina, zile silabi zinazofanana mwishoni mwa mistari, usivitumikie. Kama kina kinakulazimisha kusema mama alivaa nyekundu na wewe unakumbuka kijani, vunja kina.

Na kabla ya studio, mzazi asikie. Siyo kumwomba ruhusa tu, ingawa hilo nalo ni adabu, kwa sababu siri za nyumbani ni zake pia. Yeye alikuwepo upande wa pili wa kila kumbukumbu uliyonayo. Nilikwenda na gitaa jioni moja, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamwimbia beti mbili na kiitikio. Ubeti wa pili ulikuwa ule wa Idi, na sauti ilinitetemeka. Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Alitoa pini midomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Yako nilikuwa naiacha mwisho," akasema, "nisije nikaishona kwa haraka."

Ubeti wa tatu niliuandika palepale kibarazani, nyuma ya karatasi aliyokatia ramani ya shati.