Mbio Zenye Pa Kufikia

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Vikundi vya jogging vinamsaidia nini mtu asiyekimbia?" Najua wapo watakaojibu kwamba havimsaidii chochote, zaidi ya kumwamsha alfajiri kwa filimbi na kumzibia barabara kwa watu waliovaa tisheti za rangi moja. Wanayo haki ya kulalamika. Mimi nakimbia na kikundi kimoja hapa Dodoma, upande wa Ipagala na Ilazo, na jibu langu ni kwamba vinaweza kumsaidia sana, kwa sharti moja: mbio ziwe na mahali pa kufikia, na mahali hapo pawe na kazi inayomtaka mtu arudi wiki ijayo.

Hilo la kurudi ndilo ninalotaka kulizungumzia, maana ndilo linalosahaulika.

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulianza siku kwa mchakamchaka, na tukimaliza tulishika fagio, tukamwagilia bustani, tukachota maji ya mwalimu. Mbio na kazi vilikuwa kwenye ratiba moja. Tulipokua tukavitenganisha. Mazoezi yakawa habari ya presha yangu na kitambi changu. Usafi wa mtaa ukawa agizo la Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambalo mtu analitimiza akiwa na jicho moja kwenye saa.

Dodoma ya leo inahitaji vitu hivi vikutane tena kuliko wakati mwingine wowote. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, nyumba zimeota palipokuwa na mashamba ya mtama na mizabibu. Jirani wa kulia katoka Mbeya, wa kushoto katoka Mwanza, chumba cha uani amepanga mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Katikati yao zipo kaya za Wagogo, wenyeji wa huku, zilizokuwapo kabla viwanja havijapimwa. Watu hawa wanaonana getini, wanapeana "habari za asubuhi", basi. Hakuna ugomvi, lakini hakuna anayejua nani anaumwa.

Sasa tuchukue upandaji miti, kwa sababu ndiyo kazi inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayonitia uchungu kuliko zote. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Januari kila mtu anapanda mti. Miche inashushwa kwenye gari, mgeni rasmi anashika jembe, picha zinapigwa, watu wanakunywa soda na kutawanyika. Ikifika Mei mvua imekata. Juni na Julai unakuja ule upepo mkavu wa baridi unaojaza vumbi machoni, kisha Septemba na Oktoba jua linawaka hadi mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme. Mche uliopandwa Januari una miezi zaidi ya sita ya kuvuka bila tone la mvua, na mizizi yake bado iko juujuu. Miti yetu inakufia hapo. Siku ya kupanda haijawahi kukosa watu; wanaokosekana ni wa mwezi wa nane.

Kikundi cha mbio, kwa upande wake, kinatoka kila Jumamosi, mvua iwepo isiwepo. Kujitolea kunashindwa kwa sababu watu hawarudi, na mazoezi yanatutaka turudi kila wiki. Wiki zote zile miguu yetu inapita njia ileile, kwa nini isipite pale mche ulipo?

Shule ya msingi iliyo jirani nasi ina safu ya miarobaini kando ya uzio. Tulizungumza na mwalimu mkuu, tukakubaliana kwamba mbio zetu za Jumamosi ziishie pale. Tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, tunazunguka kilomita chache, tunaingia getini jasho likiwa halijakauka. Mlinzi anakuwa ameshajaza madumu tangu jioni. Kila mche una kisahani chake cha udongo, ukingo umeinuliwa upande wa mteremko ili maji yasitoroke, na ndani tumetandaza majani makavu kuzuia jua lisinyonye unyevu. Kando ya shina imezikwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mdomo ukiangalia chini, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto. Ardhi yetu ikishakauka inakuwa ngumu, maji ukiyamwaga juu yanatambaa tu na kupotea. Ukiyatia kwenye chupa yanashuka polepole hadi kwenye mizizi. Kuzunguka mche tumefunga matawi ya mgunga yenye miiba, kwa ajili ya mbuzi. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na ukishalibeba kutoka bombani hadi mwisho wa uzio mara kadhaa, hutauliza tena kama umefanya mazoezi ya mikono.

Wenyeji wametuonyesha njia nyepesi zaidi. Shirika la LEAD Foundation limekuwa likiwafundisha wakulima wa mkoa huu mbinu inayojulikana kama Kisiki Hai. Hupandi mche mpya. Unatafuta kisiki cha mti uliokatwa zamani ambacho bado kinachipua, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, mengine unayapogoa, unafunga kitambaa ili kila apitaye ajue kina mwenyewe, kisha unalinda. Mizizi iko chini tayari, imeshajua maji yalipo. Tunapokimbia njia za pembezoni, kuelekea kwenye mashamba, tunakagua visiki ambavyo wenye mashamba wametukubalia. Ni kazi ya dakika chache kwa kila kisiki, na mkimbiaji mwenye panga dogo anaimaliza kabla pumzi haijarudi sawa.

Kazi ya pili ni kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao, na hapa naomba nafasi kidogo.

Majina tulipewa na mwenyekiti wa mtaa, baada ya yeye na mjumbe kuwauliza wazee wenyewe kama wanataka wageni. Mmoja ni bibi wa Kigogo ambaye watoto wake wote wako mbali. Tulipofika kwake mara ya kwanza tukiwa kundi zima, alisimama mlangoni, akatuangalia raba na bukta zetu, akauliza, "Mnakimbizwa na nani, wajukuu zangu?" Tukamweleza. Akasema kundi lote hilo hana viti vyake, waje wawili. Tangu siku hiyo wanakwenda wawili, kijana na dada mmoja, walewale kila wiki, na wanakimbia hadi kwake. Wanamwamkia "shikamoo bibi", anaitikia marahaba, halafu anawasubiri wamsalimie na kwa lugha yake, "Mbukwa", ndipo anawaonyesha pa kukaa.

Wanafanya nini huko? Wanajaza pipa la maji. Wanapasua kuni. Upepo wa Julai ukilegeza bati, wanapanda na nyundo. Lakini kazi anayoipenda bibi kuliko zote ni kusomewa meseji za simu, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Zipo za watoto wake, na zipo za matapeli wanaomwambia atume hela kwenye namba fulani. Yule dada anazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti, bibi anaamua ipi ijibiwe na ipi ifutwe. Kabla ya hapo alikuwa anampa simu yeyote anayepita.

Jumamosi moja yule kijana hakwenda, alikuwa na homa. Bibi akataka kujua ni homa gani, amepima malaria, na nani anampikia. Hakuridhika hadi alipopigiwa simu akaongea naye mwenyewe. Mkisema kikundi cha mbio kinamsaidia bibi, ongezeni na upande wa pili: kijana huyo amepanga chumba kimoja, wazazi wake wako mkoa mwingine, na katika jiji hili zima aliyeulizia homa yake siku ile alikuwa bibi.

Wazo hili wapo walioliwekea mfumo. London mwaka 2009, Ivo Gormley alianzisha GoodGym, ambako mkimbiaji anapangiwa mzee mpweke na kumkimbilia nyumbani kwake kila wiki. Mzee huyo huitwa kocha, kwa kuwa ndiye anayemtoa mkimbiaji ndani siku ambayo hana hamu. Wale wanaokwenda nyumbani kwa wazee hukaguliwa kumbukumbu zao za uhalifu kwanza. Sisi hatuna mfumo wa namna hiyo, lakini tuna mwenyekiti na mjumbe, na tuna masharti yetu: hakuna kwenda peke yako, hakuna kushika hela ya mzee wala namba yake ya siri, na hakuna kupiga picha ndani ya nyumba ya mtu. Hilo la picha silegezi. Mzee aliyepewa kilo mbili za sukari mbele ya kamera amelipishwa heshima yake, na mimi naona bei hiyo ni kubwa mno.

Upo na usafi wa mitaro, ambao tunaufanya Novemba kabla mvua hazijaanza. Sitaueleza sana. Vaeni glovu nene na viatu vya kufunika, maana mtaroni kuna chupa zilizovunjika na sindano, na uchafu mkishautoa hakikisheni gari la taka lina siku ya kuja kuuchukua, la sivyo mvua ya kwanza itaurudisha ulikotoka.

Kwa mkimbiaji faida ni rahisi kuieleza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Watu wengi wanayajua hayo, wananunua raba Januari, na mwezi unaofuata raba ziko chini ya kitanda. Katika kikundi chetu walioshikilia zaidi ni wale walio na mtu au mti unaowasubiri. Afya yako unaweza kuidanganya kwamba utaanza kesho. Bibi aliyekaa mlangoni huwezi.

Na watoto wanaona. Tangu Alphonce Simbu, kijana wa Singida, jirani zetu hapa, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, hatupiti mtaa bila kundi la watoto kutufuata wakipiga kelele "Simbu! Simbu!" Wengine wanatufuata hadi shuleni, na wakifika wanapewa chupa za kumwagilia. Nafurahi kwamba mtoto wa miaka minane anajifunza kuwa mtu anayekimbia ndiye pia anayebeba maji.

Simaanishi kwamba mbio za hisani hazina maana. NBC Dodoma Marathon imekuwa ikichangisha fedha za kupambana na saratani ya mlango wa kizazi, na fedha hizo hazipatikani kwa madumu yetu. Nakimbia huko pia na nitaendelea. Ila ile ni siku moja kwa mwaka, na mtaa una Jumamosi zaidi ya hamsini.

Tatizo letu kubwa ni Julai hadi Oktoba. Wanafunzi wanakwenda likizo, watumishi wanakuwa na safari za kikazi, kikundi kinapungua kabisa, na ndiyo miezi ileile ambayo mche unahitaji maji kuliko yote. Tulikaa kikao kuhusu jambo hili, na suluhisho halikutoka kwetu. Mama mwenye genge karibu na shule alisema yeye hakimbii na hatakimbia, magoti hayamruhusu, lakini yuko pale kila siku na anaweza kumwagilia miche ya upande wake wa uzio. Fundi baiskeli akasema atabeba madumu mawili mawili kwenye baiskeli ya mizigo. Dereva wa bajaji akachukua zamu ya kumfikia bibi wiki ambazo wale wawili hawapo, ilimradi mmoja wetu aende naye. Sasa orodha ya zamu imebandikwa kwenye ofisi ya mtaa, na karibu nusu ya majina ni ya watu ambao sijawahi kuwaona wamevaa raba. Wengi wao hawakuwa wakisalimiana na sisi wa tisheti za rangi moja.

Bado hatutoshi. Mhariri, kama una msomaji anayeishi upande huu wa jiji, asiye na mpango wowote wa kukimbia hata mita mia, tunamhitaji kuanzia Julai. Apite ofisi ya mtaa aandikwe zamu, na kama ana dumu lake aje nalo, maana yaliyopo shuleni hayatoshi.

Msomaji,
Ipagala, Dodoma