Kumpeleka mama tamthilia Phoenix bila gari

Dada, umesema mama anakuja Julai, hamna gari, na unataka aone shoo ya jukwaani. Mi ningeanza na ukumbi wa Orpheum pale katikati ya jiji la Phoenix, Arizona, jumba la 1929, manispaa ililinunua miaka ya 80 likafanyiwa ukarabati wa nguvu likafunguliwa tena 1997, na mkishaingia mwambie mama aangalie juu maana dari limetengenezwa kama anga lenye mawingu, hapo mtapiga picha mpaka shoo ianze. Laitireli, treni ya umeme ya mjini, inawashusha karibu, na kumbi za Symphony Hall na Herberger nazo ziko mitaa hiyohiyo.

Ukumbi wa Gammage ulioko Tempe, mji jirani, ndo mkubwa, viti kama elfu tatu, aliyeuchora ni msanifu majengo Frank Lloyd Wright na ulifunguliwa 1964. Kwa nje ni mzuri kweli ila tiketi za shoo za Broadway, zile kubwa za New York, zina bei inayouma, tena mkiwekwa juu kabisa mama ataona vichwa tu 😅. Kama anapenda muziki kuliko maigizo basi ukumbi wa makumbusho ya ala za muziki, MIM, ni mdogo na sauti iko safi, shida ni kwamba uko mbali na reli, itabidi Uber.

Kitu kimoja usipuuze, Julai nje ni nyuzi 40 na ushee ila ndani AC inagandisha, mbebee mama shali au kitenge kizito. Na jioni cheki hali ya hewa kabla hamjatoka, msimu huo dhoruba za vumbi zinakuja ghafla, hata barabara huioni.