Funza ndani ya maembe: kwa nini dawa haisaidii

Mama, unasema maembe ya lupangoni (kiwanjani) kwako hapa Lubumbashi yamejaa funza ingawa umepuliza dawa mara tatu. Dawa haiwafikii. Inzi jike hutoboa ganda la embe linaloanza kukomaa na kuingiza mayai chini yake; baada ya siku moja au mbili funza wako ndani, wanakula nyama ya tunda. Yaelekea ni Bactrocera dorsalis, inzi wa Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003 kisha akasambaa Afrika.

Funza akishiba hutoka kwenye embe, mara nyingi likiwa limeshaanguka, akajichimbia sentimita chache udongoni. Siku kama 10 baadaye anaibuka inzi mpya. Hapo ndipo pa kumkatiza. Okota yaliyoanguka kila siku mbili, hata yanayoonekana mazima, yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani wiki moja au mbili. Ukizika, funika kwa udongo wa nusu mita ulioshindiliwa. Kwenye shimo la kina kifupi inzi hutoka. Kuyatupa jalalani ni kuwafuga tu.

Mitego ya methili yujenoli, kemikali yenye harufu ya kuvutia inzi, huvuta madume peke yake, kwa hiyo mtego uliojaa usikudanganye. Majike huhitaji protini ili mayai yakomae: chambo cha protini chenye sumu kidogo, kwenye majani machache, kinawapata vizuri zaidi. Na mpera wa jirani? Huo nao uokotwe chini, maana maembe yakiisha huhamia huko.