Chungu cha bonsai kinapasukia kwa kona, nifanyeje?

SWALI: Dada Mfinyanzi habari yako. Nimeanza kutengeneza vyungu vya mstatili vya bonsai (ile miti midogo inayokuzwa kwa chungu) hapa nyumbani, nasukuma udongo, nakata mabamba, naunga. Kati ya vyungu sita, vinne vimepasukia kwa kona vikikauka, kimoja kikalipuka ndani ya tanuri la kukodi na kikaharibu kazi ya wengine hadi nikalipishwa. Mwenye tanuri anasema udongo wangu ni mbaya. Ni kweli?
Baba Wawili, Kasarani

JIBU: Pole sana Baba Wawili, najua venye inauma kufungua tanuri ukute vipande. Lakini udongo usiulaumu bado, kama ungekuwa mbaya hata hicho kimoja kilichobaki hakingetoka salama.

Chungu cha mstatili kina shida yake. Ukingo wa juu unapigwa na upepo unakauka haraka, kuta zinafuata, halafu sakafu iliyolala kwa ubao bado iko na maji, sasa juu inajikunja, yaani inapungua ukubwa, na chini imekataa, na pale zinapovutana, yaani kwa kona, ndo panaachia. Wazee walisema udongo upatilize ungali maji na kwa kona usemi huo ni wa kushika kabisa, kwa sababu ukiunga mabamba yakiwa yameshakauka hata ukipaka nini hayashikani vizuri. Subiri tu yawe magumu kiasi cha kusimama bila kulegea, alafu chana pande zote mbili kwa uma mpaka ziwe na mikwaruzo, paka uji mzito wa udongo ule ule (si maji matupu!), bana hadi uji utokeze nje. Kisha tengeneza kamba nyembamba ya udongo unene wa penseli, ilaze kwa kona ya ndani na uikandamize na mgongo wa kijiko. Hiyo kamba watu wengi huiruka na ndo inashikilia kona.

Na ukisukuma, usisukume upande mmoja kama chapati unayoharakisha. Geuza bamba, zungusha, sukuma tena, na usilinyanyue kwa pembe moja, kwa sababu udongo hukumbuka, ukiupinda leo utajipinda tena kwa moto hata kama uliunyoosha.

Kukausha sasa. Weka gazeti kavu chini ya chungu ili sakafu iweze kuteleza ikijikunja, bila hivyo inang'ang'ania ubao inapasuka katikati. Funika na nailoni, mimi natumia ile nzito ya grinihausi inayouzwa kwa mita, na siku mbili tatu za kwanza hakikisha ukingo wa juu ndo umefunikwa vizuri zaidi. Kikisimama imara kigeuze juu chini sakafu nayo ipate hewa. Wiki mbili ni kawaida, na ile baridi ya Julai yenye mawingu hapa Nairobi hata tatu, usikipeleke juani ati umechoka kungoja.

Kuhusu kulipuka, utaambiwa ni hewa iliyobaki ndani ya udongo. Hewa peke yake hailipui chungu, ni maji yanayogeuka mvuke ghafla na yamekosa pa kutokea. Kabla ya kukipeleka kiguse na shavu, sakafu na miguu hasa, ukisikia baridi ujue bado kuna maji. Tena miguu minene ichimbe iwe na uwazi ndani, najua inaonekana poa ikiwa mizito lakini hapo ndo maji hujificha. Nairobi tuko juu karibu mita 1,800 kwa hivyo maji yanachemka kwa nyuzi kama 94, si 100, basi mwombe mwenye tanuri akae kwa 80 usiku mzima ndo apandishe. Na akatae asikatae, ukitumia udongo wenye unga wa vigae vilivyosagwa ndani yake chungu kikubwa kinakauka na kuchomeka kwa urahisi zaidi.

SWALI: Nilipaka vyungu vyangu vya bonsai glezi ya kijani (ile rangi inayoyeyuka kwa moto ikang'aa kama kioo) ndani na nje, ikachuruzika ikanata kwa rafu ya tanuri. Kile kilichopona nimepanda bogenvilia lakini majani yanageuka manjano na udongo haukauki. Shida ni glezi?
Msomaji wa Rongai

JIBU: Dada, mambo mawili tofauti hayo, nianze na mti kwa sababu ndo unateseka. Toa bogenvilia leo uangalie sakafu ya chungu. Nashuku matundu ni madogo ama yana kingo zilizoinuka kwa ndani, kwa hivyo maji yanabaki kama kwa sahani. Kabla ya kuchoma, mdomo wa kila tundu unalainishwa na kidole chenye maji uwe sawa na sakafu au chini kidogo, na sakafu iwe na mteremko mdogo kuelekea huko. Jaribu hivi: mimina kikombe cha maji kwa chungu kitupu, kikibaki kidimbwi, mizizi nayo itaoza hapo. Toboa pia vitundu vinne vidogo vya waya wa kufungia mti, wengi husahau hadi siku ya kupanda. Na changanya mawe mepesi yale ya upande wa Longonot kwa udongo wako wa kupandia.

Ndani ya chungu cha bonsai hatupaki glezi. Shusha tu sentimita moja au mbili chini ya ukingo, pale udongo utafunika, kwengine acha wazi mizizi ipate pa kushika.

Kuchuruzika ni glezi nene, ama moto umezidi. Chungu kikitoka uchomaji wa kwanza, kama nyuzi 1,000 hivi, kinanyonya maji haraka sana, kwa hivyo ukikichovya hesabu sekunde tatu ukitoe. Kwaruza mahali na pini uone unene, nataka kama kadi ya mwaliko, si zaidi. Acha nusu sentimita juu ya miguu bila glezi, yeyusha mshumaa upake hapo na chini ya miguu kabla ya kuchovya, tone likibaki futa na sponji. Chungu chenye glezi usiyoijua bado kiweke juu ya kigae cha udongo, ikimwagika inaharibu kigae si rafu ya mwenyewe. Kabla ya hayo yote pangusa vumbi na sponji lenye maji na usikishike na mikono yenye mafuta ya kujipaka, glezi itajikunja iache mabaka. Na kijani chako kama ni cha shaba, changanya ule unga ukiwa umevaa barakoa, na vumbi la kibandani lipanguse na maji usilifagie, mapafu hayarudi.

SWALI: Mugumo wangu wa bonsai (ule mti wa jamii ya mkuyu) una urefu wa sentimita 45, shina chini ni kama 6. Chungu kiwe saizi gani? Mume wangu anasema bila glezi hakijaisha.
Mama Njeri, Kahawa West

JIBU: Mwambie baba kwamba mji wa Tokoname kule Japani unajulikana kwa vyungu vya bonsai vya udongo mwekundu-kahawia visivyo na glezi. Na Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1950, haweki glezi kwa vyungu vyake, anavisugua tu vikang'aa, na dunia inamjua. Glezi ya rangi niwekee miti ya maua kama bogenvilia. Mugumo una majani mabichi mwaka mzima na mizizi inayojionyesha, udongo wa kahawia unatuliza macho.

Urefu wa chungu chukua theluthi mbili za mti, yaani 30, na kina kama unene wa shina, 6. Lakini usikate 30! Udongo unajikunja. Chora mstari wa sentimita 10 kwa kipande kibichi, kikaushe, kichome moto ule ule, pima tena. Ukipata 8.8 basi chungu chako mbichi kikate sentimita 34.